Mstari wa Kina Kavuo

Kila Jumamosi saa nane na nusu, mwalimu Siméon Vagheni alifagia darasa, akafuta ubao kwa kitambaa chenye maji, akapanga mabenchi kumi. Tisa yalikuwa ya wanafunzi. La kumi, lile la nyuma, aliliacha kwa wafu, kwa sababu walipenda kuegemea ukuta.

Alikuwa mshairi. Zamani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha tu pale Butembo, mji wa wafanyabiashara, ambako ukisema unaandika mashairi unaulizwa, "Sawa, na kazi?" Alikuwa amechapisha kijitabu kimoja cha kurasa thelathini na mbili, chenye mapambazuko mengi na njiwa wengi mno. Mkewe, Marie-Jeanne, alikisoma chote kwa heshima ya ndoa. Siku za juma Siméon alifundisha Kifaransa. Jumamosi alifundisha atelier, yaani somo la kuandika, kwa watu watano wasio na pa kwenda.

Kisha vita vikaja, vikaenda, vikarudi vimevaa kofia nyingine. Mwaka 1999 mama mmoja mkulima wa Musienene, Jokébed, aliandika mistari sita juu ya mumewe Gamaliel, aliyepotea njiani. Aliandika jinsi alivyopuliza chai hata ikiwa imepoa, na jinsi alivyofunga mkanda akiruka tundu moja. Alipomaliza kusoma kwa sauti, Gamaliel aliingia, akavua kofia, akaketi nyuma.

Jokébed alikunja karatasi yake. "Donc, kumbe ulikufa," akasema.

Gamaliel akajibu kwamba ndiyo, ilikuwa Jumatano. Jokébed akalia, wenzake wakamshika, na kesho yake akakaa kilio na ndugu zake kama inavyotakiwa.

Tangu siku hiyo Siméon hakukosa wanafunzi. Walitoka Alimbongo, walitoka Mabalako, wengine kwa miguu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya sanaa. Kanuni ilijulikana mji mzima. Ukiandika ukweli juu ya mtu wako na akawa amekufa, atakuja. Akiwa hai hatakuja, nawe utarudi nyumbani ukiimba. Ukichanganya uongo hata mdogo haji mtu, na unabaki hujui lolote. Kwa hiyo Siméon alikuwa mwalimu mkali.

"Futa hilo ua," alimwambia msichana mmoja, Bénite. "Dada yako hakuwa ua. Alikuwa na jino lililokatika. Lipi?"

"La juu, mwalimu. La kushoto."

"Basi andika hilo."

Inspekta wa shule alikuja mara moja, akakuta benchi la nyuma limejaa, akauliza kwa nini wale hawamo kwenye daftari la mahudhurio. Siméon akawaandika. Inspekta akasaini, akaenda zake.

Mtu mmoja tu hakuwa ameandika, naye ni mwalimu mwenyewe. Binti yake Kavuo, mwenye miaka kumi na tisa, alipanda lori la maharage Alhamisi moja ya Oktoba 2000 kwenda Beni kwa shangazi yake Léa. Lori lilionekana Kabasha. Beni halikuonekana. Tangu hapo, kila jioni Marie-Jeanne alipakua chakula cha Kavuo, akakifunika kwa sahani nyingine, na asubuhi akakitoa. Hakuweza kukaa kilio, maana hakuna anayemlilia mtu aliye hai. Hakuweza kufurahi pia. Alikuwa amekonda mpaka pete ikamtoka kidoleni.

"Unafundisha batu bote," alimwambia mumewe. "Andika ya mutoto wetu. Mi nimechoka kufunika sahani."

Siméon alijibu kwamba ana masahihisho. Uongo mtupu. Aliogopa, basi. Alimpenda yule binti kupita kiasi, na kadiri alivyokaa bila kuandika, Kavuo aliendelea kuwa mahali fulani, ameolewa labda, amekasirika labda, anapika.

Mwaka mmoja na miezi minne ikapita hivyo. Jumamosi moja ya Februari, Marie-Jeanne aliweka sahani ile iliyofunikwa juu ya vitabu vya mumewe, akaenda shambani. Siku hiyo Siméon alisimama mbele ya darasa na karatasi. Shairi lilikuwa na mistari miwili: "Kavuo binti yangu, uliondoka asubuhi. Mama yako bado anakungoja."

Jokébed ndiye aliyeinua mkono.

"Mwalimu, hii iko ya kila mutu. Alivaa nini?"

"Inatosha," akasema Siméon.

Alijua alichovaa. Kavuo alikuwa amevaa kambambili, yaani ndala, za plastiki zisizofanana, ya kushoto buluu, ya kulia nyekundu, kwa kuwa jozi mbili zilikatika kila moja upande mmoja na yeye hakutaka kutupa zilizobaki. Baba yake alimtania mlangoni kwamba anakwenda Beni na miguu ya watu wawili. Hilo aliliacha kwa makusudi. Alifikiri kwamba shairi lisilo na alama halitamleta mtu, naye atamwambia mkewe kwamba amesoma na hakuna aliyekuja.

Loo, mtu mzima, Mnande, na kusahau hilo! Kwetu Wanande jina hutoka kwenye zamu ya kuzaliwa. Kila nyumba iliyopata wasichana wa kutosha ina Kavuo wake. Na Kavuo yeyote aliyeondoka asubuhi, mama yake bado anamngoja.

Wa kwanza aliingia na beseni kichwani, akaomba radhi kwa kuchelewa. Wa pili alikuwa na mtoto mgongoni. Wa tatu alivaa sare ya shule. Saa kumi benchi la nyuma lilikuwa limejaa, na wanafunzi wakasimama kuwapisha wengine wakae. Bénite aliwahesabu mpaka sitini, akaacha. Siméon alimtazama kila mmoja usoni, akamsalimu, akamwambia, "Si wewe, mama. Pole." Binti yake hakuwamo. Furaha ikaanza kumpanda, akaionea haya mbele ya wale wasichana, nayo ikazidi kupanda.

"Mwalimu," akaita Jokébed kutoka mlangoni, "mustari haujaisha."

Siméon akachungulia. Mstari ulivuka uwanja, ukashuka kilima, ukapita soko, ukashika barabara ya Beni. Walisimama kwa utaratibu, hakuna aliyesukuma.

Alichukua koti lake, akaufuata. Kwenye kizuizi askari walimwomba karatasi yeye, wale hawakuwaomba. Wachuuzi waliendelea kuuza mikate na mafuta kando ya barabara. Kijijini Maboya alipewa maji na katekista, akaendelea. Alipita Kabasha na mstari bado upo. Kulikuwa na kina Kavuo wazee, na wengine ambao hawakufika miaka kumi. Kila mmoja wao Siméon alimwambia pole, mpaka neno likamkauka mdomoni.

Siku ya tatu, karibu na kuingia Beni, aliona buluu na nyekundu.

Kavuo alisimama ameweka mikono nyuma, kama alivyozoea kanisani. Siméon alimwangukia begani. Kavuo alingoja baba yake amalize kulia.

"Papa, juu ya nini haukuandika kambambili?" akauliza. "Mais, ungeandika, ningefika wa kwanza."

"Niliogopa, mama."

"Najua, papa."

Siméon akatoa kalamu, akatafuta karatasi mfukoni arekebishe shairi palepale. Kavuo akamzuia mkono. Walio mbele wamesimama sana pia, alisema, na haifai kuwaruka. Kwa hiyo Siméon alijipanga pembeni yake. Mtu wa baiskeli aliyekuwa akielekea Butembo alibeba ujumbe kwa Marie-Jeanne kwamba sahani isifunikwe tena, waanze kilio.

Mstari ukasogea hatua moja.

Jioni hiyo msichana mwingine, naye Kavuo, alitokea upande wa Mabalako, gauni lake likiwa na vumbi jipya. Alikuwa bado anahema.

"Papa, mustari unaishia hapa?"

Siméon aligeuka. Nyuma ya binti yake mstari uliendelea mpaka kwenye kona, na kwenye kona haukuwa umekwisha.

"Hapana, mama," akamwambia. "Endelea kuuliza."

Msichana akashukuru, akaenda.