Alhamisi za Kupima Sare

Kabla hujanihukumu, kapike maharage bila chumvi, ule bakuli zima, kesho yake urudie na keshokutwa tena, halafu njoo tuongee. Ni kutafuna godoro. Najua ninachosema, kwa sababu nimeyala mbele ya mume wangu huku natabasamu.

Mume wangu ni seremala, mtu wa kubeba mlango wa mninga peke yake na bado akapiga mluzi. Siku alipoanguka karakanani, wenzake walidhani anatania. Hospitalini wakatuambia ni presha, tena ya muda mrefu, na moyo umeanza kuchoka. Daktari hakuzunguka mbuyu. "Mzee, wewe na chumvi basi. Mkiendelea kuonana mmoja wenu atakufa, na chumvi haifi."

Tuliporudi nyumbani akasusa. Sahani ya kwanza aliionja, akaisukuma. "Bora nife nimeshiba," akasema. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata pia. Mashavu yakaanza kuingia ndani. Mimi nina mdomo, hata mafundi wenzangu wananiita Sindano, na siku ile mdomo ulinitangulia. Nikasimama katikati ya sebule, mbele ya mama mkwe na pacha wetu, nikatangaza: "Kuanzia leo nyumba hii ni chungu kimoja! Asichokula baba hakuna atakayekila, hapa wala nje. Na wa kwanza ni mimi." Nikachukua kopo la chumvi, nikalimwaga lote kwenye sinki. Mama mkwe akalia. Baba Pacha akanitazama weee, mwisho akaivuta sahani yake, akala akamaliza.

Tangu hapo anakula nikila. Nikiweka kijiko chini, naye anaweka. Nikiongeza, anaongeza. Hata mama mkwe aliwahi kuniambia jikoni, "Mwanangu, mtoto wangu yu hai kwa sababu yako." Basi ukiambiwa hivyo utafanyaje? Nikasema ahsante, mama.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare. Kuna mgahawa wa Kihindi nyuma ya benki, wakanipa kazi ya vizibao vya wahudumu. Nikaenda Alhamisi moja kuwapima. Nipo pale na futi yangu shingoni, jikoni wanakaanga bizari nzima kwenye samli, vitunguu saumu vinalia, nyama inageuzwa, na mimi tumboni nina uji wa maji matupu. Mwenye mgahawa, mama wa Kihindi mwenye mkono wazi, akaniona ninavyomeza mate. "Fundi, kula kwanza. Mtu mwenye njaa atatupima vibaya." Akaniwekea kuku wa masala, mkate wa naan wa moto unaong'aa siagi, na achari ya ndimu pembeni. Nikasema naonja tu. Nilionja mpaka sahani nikaifuta kwa mkate.

Alhamisi iliyofuata nikarudi, kizibao kimoja kinabana kwapani. Iliyofuata, kifungo. Jamani, wahudumu wa mgahawa ule walipimwa kuliko jeshi. Mwisho hata futi sikuwa naibeba. Naingia, napita nyuma ya pazia la shanga, nakaa meza yangu ya kona, na mhudumu mmoja mtu mzima, wenzake wanamwita Masharubu, ananiletea bila kuniuliza. Nikimaliza nasugua vidole kwa ndimu mpaka vinawasha, natafuna karafuu, narudi nyumbani kukaa mbele ya maharage.

"Umechoka, Mama Pacha," mume wangu ananiambia.

"Wale watu wananisumbua na sare zao."

Naye ananivutia kiti. Hapo ndipo nilipokuwa naumia, si kwenye kula. Kwenye kile kiti.

Juzi Jumapili, mchana, nakunja nguo, akaja amevaa shati lake zuri. "Jiandae. Leo nakutoa."

"Unanitoa wapi na jua lote hili?"

"Kwa wale Wahindi wako."

Nikajifanya kutafuta soksi chini ya kitanda ili asinione uso. Yeye akaendelea, furaha imemjaa. "Kila Alhamisi unashinda kwenye harufu ile, unarudi na njaa yako kula takataka zangu. Mimi ningekuwa wewe ningeshatafuna mpaka mapazia. Leo nakufungulia kiapo, mchana mmoja tu. Wewe ule, mimi nikutazame."

"Kichwa kinaniuma."

"Kitapona ukila."

"Nani kakwambia nataka?"

"Mama Pacha, mimi nilikuoa, sikukukodi. Najua unachopenda. Vaa viatu."

Njia nzima alikuwa ananishika mkono kama tunachumbiana. Mkono wa pili amebeba mfuko, na ndani ya mfuko bakuli la maharage yake. Nikawa naomba kimoyomoyo: mgahawa uwe umefungwa, Masharubu awe anaumwa, si sana, mafua tu.

Ulikuwa wazi. Na Masharubu ndiye alikuwa mlangoni, ndani ya kizibao nilichokishona mwenyewe. Aliponiona tu akageuka kunifungulia pazia la shanga, na mimi nikamtolea macho nusura yadondoke. Mkono wake ukabaki kwenye shanga. Akamtazama mume wangu, akatazama lile bakuli, akaelewa. Watu wa kuhudumia meza wanaona mengi.

"Karibuni," akasema. "Fundi, leo Jumapili na kazi tena?"

"Leo si kazi," mume wangu akamjibu kwa majivuno. "Leo amekuja kula. Mara yake ya kwanza."

"Mara ya kwanza," Masharubu akarudia taratibu. "Basi ngoja nimweleze vyakula vyetu."

Na akaeleza! Chakula kimoja kimoja, hiki kina nazi, hiki kina mtindi, hiki kikali kidogo, fundi, sijui kama utakiweza. Mimi naitikia kwa kichwa, "Aha, kumbe," kama mgeni wa ndege. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa, lakini ile yangu niliona haina mwisho, na sasa nilikuwa nimemwingiza humo mtu mwingine na nywele zake za mvi. Alinidanganyia bila kutabasamu. Ningefurahi angetabasamu.

Mume wangu akaomba maji ya moto, na ruhusa ya kufungua bakuli lake. "Mzee, hapa ni kwako," Masharubu akamwambia, akamletea sahani safi na kitambaa kilichokunjwa. Kuku wangu akaja akitoa moshi. Baba Pacha akainama, akavuta harufu kwa pua yote, akafumba macho, halafu akayarudia maharage yake.

"Kula," akasema.

Nikamega naan. Nikairudisha kwenye sahani. Alinitazama kidogo, kisha na yeye akaweka kijiko chini.

"Mama Pacha, sikukuleta hapa kwa chakula peke yake. Kuna jambo, na nyumbani mbele ya watoto nisingeweza."

Nikajua amejua. Nikaanza kutafuta maneno, na mimi maneno huwa sitafuti, huwa nayafukuza.

"Unakumbuka juzi kwa daktari?" akasema. "Alipouliza kwa nini presha haishuki?"

Nitasahau vipi? Daktari alisema isiposhuka hadi tutakaporudi, mume wangu aachane na msumeno, maana dawa mpya zitamtia kizunguzungu na moyo wenyewe hautaki tena shuruba. Seremala bila msumeno! Mimi nilimpandishia daktari wa watu sauti mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. Nilimwambia kwamba mume wangu hajagusa chumvi, nyumba nzima haijagusa chumvi, kama kuna kinachoumwa ni mashine yenu ya kupimia.

"Nilitamani ardhi ipasuke," akasema. "Mashine yao ni nzima. Ni mimi. Nakula karanga, Mama Pacha. Za chumvi. Naziweka kwenye boksi la misumari karakanani, wakienda kunywa chai nazitoa. Karibu kila siku. Nikija nyumbani nakukuta na sahani yako ya maharage, wewe mzima wa afya, unakula kwa sababu yangu, nasema kesho naacha. Kesho haifiki."

Akalia. Mwanamume yule, mbele za watu, machozi yanaingia kwenye ndevu. Nilikuwa sijamwona akilia hata alipomzika baba yake.

Hapo. Kama kuna saa ya mtu kusema, ilikuwa ile. Neno lenyewe fupi: hata mimi. Tungecheka, tungelia, tungerudi nyumbani wezi wawili waliofumaniana, tukaanza upya. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa na mkunga mbele yangu. Nikafungua mdomo. Masharubu alikuwa amesimama karibu na jagi la maji, haondoki, na nilimwona naye ananingojea.

Unajua nilisema nini?

"Mwanamume mzima! Karanga? Sisi tunajinyima, watoto wanakula vitu havina ladha, mama yako mzee na meno yake, na wewe unajificha kwenye misumari kama panya? Huna hata haya?"

Nyani haoni kundule. Nilijisikia nikisema, sauti ile ile ya sebuleni, na sikuweza kuisimamisha. Nikaendelea. Nilimgombeza mpaka akainamisha kichwa.

"Una haki," akasema. "Sema yote."

"Basi," nikamwambia. "Yameisha. Nimekusamehe." Nimemsamehe! Mimi!

Akafuta uso kwa kile kitambaa, akanishika mkono juu ya meza. "Leo nikirudi nazimwaga. Kwa ajili yangu nimeshindwa, lakini kwa ajili yako nitaweza. Mtu aliyeweza kukaa humu kila wiki bila kuonja, mimi nitashindwaje na karanga?"

Usiniambie nilinyamaza kwa faida yake. Nimejaribu kujiambia hivyo: nikisema atavunjika, atarudi kwenye boksi, atakufa. Labda ni kweli. Lakini wakati ule sikuwaza kifo chake wala msumeno wake. Nilikuwa nampenda yule mwanamke aliyekuwa anamwona mbele yake, nikaona uchungu kumwua.

Masharubu akaja na maji. Mume wangu akamshika mkono. "Ndugu yangu, unamwona huyu? Tangu niugue hajala chumvi. Si nyumbani, si nje. Ni huyu tu anayenifanya nipumue."

Masharubu akanitazama, safari hii waziwazi, mpaka nikaangalia sahani. "Tunamfahamu, mzee," akasema. "Mungu akuweke." Akamimina maji, akaondoka, na hakurudi mezani kwetu tena. Akamtuma mwenzake.

"Chakula kinapoa," mume wangu akasema. Akamega naan kwa vidole vyake vyenye makovu ya patasi, akakichovya kipande kwenye mchuzi mzito, akakizungushia nyama, taratibu, asije akadondosha wala kujigusisha mdomoni. Akaninyooshea. "Fungua. Umestahili."

Nikafungua. Akanilisha, akabaki ananitazama ninavyotafuna, midomo yake inatafuna hewa pamoja na mimi.

"Kitamu?" akauliza.

Kilikuwa kitamu. Nilimeza, nikafungua mdomo tena.