Fulana Zilizoona Haya

Jumatatu asubuhi, saa ambayo mafundi wa Keko wanatoa makochi nje kabla malori hayajaanza kutimua vumbi, Mwishehe alikuwa anapaka vanishi kitanda cha mninga kwa fulana ya kampeni. Fulana za kampeni hazina mpinzani kwenye vanishi. Kwa kuvaa ni majanga, zinachuja na kuachia mabegani, lakini hazibakizi nyuzi kwenye mbao. Kila karakana pale barabarani ilikuwa na yake, na kila fulana ilikuwa na sura ya mbunge, Mheshimiwa Yazid, akitabasamu juu ya maneno AFYA BURE KWA WAZEE, MAISHA NAFUU KWA WOTE.

Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa amekaa kwenye kochi la mteja ambaye hajaja kulichukua, mguu wa kushoto umepandishwa kwenye stuli. Mguu ulikuwa na kidonda cha kisukari ambacho kiligoma kufunga. Yeye fulana yake aliivaa, juu ya dera, kwa sababu alikuwa mzee na maneno yalimhusu.

Redio ilikuwa inarusha bunge, bajeti ya afya. Mheshimiwa Yazid akasimama kuchangia.

Aliongea vizuri, tuseme ukweli. Aliuliza ahadi za serikali zimejificha wapi. "Mheshimiwa Spika, tuliwaambia wazee matibabu ni bure. Mzee akifika dirishani anapewa nini? Anapewa karatasi aende duka la dawa! Tuliwaambia maisha yatashuka bei. Mheshimiwa Spika, kilichoshuka ni suruali za watu, kwa kukonda!"

Keko nzima ilicheka. Anselmo, fundi wa karakana ya jirani, aliweka randa chini ili acheke vizuri. Kifuani kwa Bi Mwanakombo, sura ya Mheshimiwa ikanyanyua kidevu.

"Mama, mtu wako leo kachangamka," Anselmo alisema.

"Mwache aseme. Ndo maana nilimpa kura."

Kengele ya muda ikalia. Mheshimiwa akamaliza kama wenzake wote wanavyomalizaga: "Baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Hoja yenyewe ilikuwa ile ile bajeti aliyotoka kuichanachana. Wenzake wakagonga meza.

Sura kwenye fulana ikashusha kidevu, ikainamisha macho, ikaanza kutoka jasho.

Bi Mwanakombo alijitazama kifuani. "Kaona haya," alisema, akaomba kitambaa.

Mwishehe aliitazama fulana iliyokuwa mkononi mwake. Nayo ilikuwa imeinama. Jasho lilikuwa limetia madoa ubavu mzima wa kitanda, ikabidi apige msasa upya.

Mpaka jioni habari zilikuwa zimefika kila mahali, maana fulana zile zilikuwa zimesambaa kuliko jimbo lenyewe. Kiwalani kuna mtu aliifanya pazia la choo, akasema sasa anajisaidia kwa amani, haangaliwi. Ukonga mama mmoja alilalamika kwamba haikauki kambani hata kwa jua la saa nane. Hakuna aliyeshangaa. Walichoulizana ni kama jasho lile linaharibu nguo nyingine kwenye beseni, na jibu lilikuwa ndiyo.

Siku iliyofuata Mwishehe alimpeleka mama yake zahanati kusafishwa kidonda na kuchukua dawa. Nesi Yuliana aliwaangalia kupitia dirishani.

"Shikamoo bibi. Kusafisha nitasafisha, na ni bure. Dawa ndo hamna. Hii karatasi, mkanunue nje."

"Marahaba. Mwanangu, kwani bure yenyewe ndo karatasi?"

Nesi Yuliana aliinamisha macho kwenye meza, sawasawa kabisa na ile fulana, kiasi kwamba Bi Mwanakombo alimpa kitambaa chake.

Dawa zilinunuliwa nusu. Kitanda cha mninga kilikuwa bado hakijakauka, na kisingeuzwa kikiwa na madoa.

Jumamosi Mheshimiwa Yazid alipita Keko. Alishuka kwenye gari akiwa mkavu, kidevu juu, akampa Bi Mwanakombo shikamoo kwa mikono miwili.

"Mlinisikia lakini?"

"Tulikusikia, Mheshimiwa," Mwishehe alisema. "Uliwapasua. Ila pale mwisho sasa, mbona ukaunga mkono?"

"Ah, braza, ule ni utaratibu tu. Usipounga unaonekana muasi. Muhimu ni ujumbe ufike."

"Huyu wako hali wala halali," Bi Mwanakombo alisema, akivuta fulana ili aone vizuri. "Toka Jumatatu hajanitazama."

Mheshimiwa akaiinamia. Sura yake ya kwenye fulana ikageukia kwapani. Alisema kiwanda walichotumia hakikuwa na wino mzuri, kisha akauliza kuhusu mguu, akaupiga picha. Alimuomba Mwishehe ruhusa ya kuutaja bungeni.

Mwishehe alikubali haraka. Hata alimfungulia mama bandeji, ili picha itoke vizuri.

Alhamisi mguu ulitajwa. Hotuba ilikuwa kali kuliko ya kwanza: mama mmoja wa Keko, mjane, kidonda, karatasi, ahadi ziko wapi. Meza ziligongwa mpaka redio ikakoroma. Akaunga mkono hoja.

Alhamisi hiyo hiyo, kwenye hospitali kubwa, Bi Mwanakombo alikatwa mguu chini ya goti.

Mwishehe alifika wodini na simu mkononi. Njiani alishawaonyesha hotuba mlinzi, wagonjwa wa kitanda cha kwanza na cha pili, na mfagiaji. Alikuwa na furaha fulani ambayo baadaye hakupata pa kuiweka.

"Mama, mguu wako umesemwa bungeni!"

"Wamesemaje?"

"Wamegonga meza."

"Halafu?"

Mwishehe aliirudisha simu mfukoni. Fulana ilikuwa imetundikwa kwenye chuma cha kitanda, inadondosha matone kwenye beseni lililowekwa makusudi na manesi. Mwishehe alikaa chini, akalitazama beseni. Ilipita muda kabla hajatambua kwamba na yeye ameinama hivyo hivyo.

Magongo alimchongea mwenyewe, kwa mbao za kile kitanda. Madoa hayakutoka.

Kampeni ziliporudi, gari la matangazo lilisimama Keko na fulana mpya. Maneno yalikuwa yale yale. Picha tu ndiyo ilibadilishwa: safari hii Mheshimiwa Yazid alikuwa amevaa miwani myeusi.

"Wamejiongeza," Anselmo alisema, akapanga foleni. Mwishehe akapanga nyuma yake. Vanishi haipakwi kwa kiganja. Alichukua mbili, na aliyezigawa alipomuomba apige makofi kidogo kwa ajili ya kamera, alipiga.

Moja alimpelekea mama yake. Bi Mwanakombo aliivaa juu ya dera, akaegemeza magongo kwenye kochi, akainyoosha kifuani. Kutoka chini ya ile miwani, tone likaanza kushuka taratibu kwenye shavu.

"Nipe kitambaa," alisema.

Mwishehe akampa ile fulana ya zamani.