Maji Aliyoyatema Josias

Mimi siangalii mpira. Watu ukumbini macho yao yanakwenda kulia na kushoto na mpira, mimi namshika mchezaji mmoja tu na simwachi mpaka filimbi ya mwisho. Akiwa hana mpira anafanya nini? Akikosea anamtazama nani? Akitolewa, anakaa vipi pale benchi? Hapo ndipo mtu anapojulikana. Wakati wa kufunga kikapu kila mtu ni mzuri.

Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa. Siku za kawaida nauza vioo na betri za simu katika kibanda changu Umbilo Road, na Jumamosi nawatazama vijana wa vyuo vya Durban kwa niaba ya klabu moja ya kulipwa ya Johannesburg. Kila mwaka klabu za ligi hukutana siku moja na kuchagua, kwa zamu, vijana wanaomaliza chuo. Kijana mmoja, karatasi moja, chini limeandikwa jina langu: Ameir. Klabu haijawahi kuniuliza mara mbili. Wanasema nina roho ngumu, na mimi nawajibu kwamba roho laini ina kazi zake, lakini hii si mojawapo.

Utaratibu nimeutunga mwenyewe. Mara ya kwanza naenda kimya kimya, sina hata daftari, najichanganya na wazazi. Mara ya pili namwambia kocha mapema: Jumamosi fulani nakuja, mwambie kijana wako. Maana huko kwenye kulipwa atatazamwa kila siku ya maisha yake. Anayecheza vizuri akiwa hajui, halafu akaharibu akijua, huyo simtaki. Kwa hiyo mara ya pili ndiyo inayohesabika. Na karatasi naituma siku hiyohiyo, kabla ya Magharibi, nisije nikalala nayo nikaanza kumwonea mtu huruma.

Josias nilimjua kabla ya kumtazama. Siku za Jumapili alikuwa akilinda magari kwenye maegesho yaliyo ng'ambo ya kibanda changu, na fulana yake ya njano inayong'aa, kama Wakongo wengi wa hapa Durban. Umri miaka ishirini na moja, mrefu kiasi, mikono mirefu kupita urefu wake. Chuoni alicheza namba moja, yaani yule anayepandisha mpira na kuwachezesha wenziwe. Mama yake, Julienne, ni mtu wa Uvira, anasuka nywele Greyville. Ada ya chuo ililipwa na mpira wa kikapu, na mpira ule ulikuwa unaisha mwezi wa kumi na moja. Sheria ya ligi ni moja: jina la kijana linaingia mara moja tu, mwaka anaomaliza. Akichaguliwa, ana kazi. Asipochaguliwa, yale magari ya Jumapili yanakuwa magari ya kila siku. Hilo alilijua yeye, alilijua mama yake, na mimi nililijua vizuri kuliko nilivyotaka.

Mara ya kwanza nilipomtazama, wallahi, nilisahau kutafuna karanga zangu. Hakuwa na haraka. Wenziwe wakipagawa, yeye anaudunda mpira taratibu kana kwamba ukumbi mzima ni wake na sisi wageni tumekuja kunywa chai. Dakika ya mwisho, timu ziko sawa, wapinzani wawili wamemvaa, akamwona mwenzake peke yake kule pembeni, akampa. Mwenzake akakosa. Josias akamkimbilia yule aliyekosa kabla hajakimbilia mpira, akampiga bega, wakarudi kulinda. Wakafungwa. Nikarudi nyumbani Chatsworth nikamwambia mke wangu: mwaka huu nina mtu.

Jumatatu nikampigia kocha wake, Gustave, Mkongo pia. Nikamwambia Jumamosi nakuja rasmi.

Jumamosi hiyo sikuamini macho yangu. Robo ya kwanza alicheza. Robo ya pili alianza kuinama, mikono magotini, kila mpira unapotoka nje. Robo ya tatu yule aliyekuwa anamlinda akawa anampita kama anapita mlango ulio wazi. Mipira ya adhabu alirusha minne, yote ikagonga ukingo wa mbele. Aliyewahi kucheza anajua maana yake: miguu imekwisha. Na kila wakisimama kunywa, yeye anapokea chupa, anasukutua, anatema kwenye taulo, yanayobaki anajimwagia kichwani. Niliandika: hanywi maji. Nikapiga mstari chini yake, kwa hasira, maana mchezaji asiyejua kuutunza mwili wake ni mzigo kwa klabu.

Kisha, zikiwa zimebaki dakika mbili na timu yake iko nyuma kwa pointi tatu tu, akainua mkono na kuomba kutoka. Namba moja. Mbele ya mtu aliyekuja kumtazama. Gustave akamfokea kwa Kifaransa, yeye akatikisa kichwa, akaenda kukaa mwisho wa benchi, taulo kichwani.

Nikarudi na gari langu nikiwa nimenuna. Kuna hasira ya kuudhiwa na mtu mbaya, na kuna hasira ya kuangushwa na mtu uliyempenda. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi. Niliandika karatasi nikiwa nayo: "Ana akili ya mchezo. Hana pumzi. Hanywi maji, hajali mwili. Mechi ikiwa ngumu anaomba kutoka. Akijua anatazamwa anavunjika. Nne kwa kumi." Nikaituma. Nikatawadha, nikaswali, wala sikuwa na wasiwasi.

Uchaguzi ulifanyika Jumatano. Klabu yetu ilichukua namba moja wa chuo kingine, kijana mzuri wa kawaida. Klabu nyingine zote zikampita Josias. Nilikuja kujua kwamba karatasi yangu ilikuwa imezunguka. Watu wa mpira wanaoneshana mambo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Julienne akaingia kibandani. Mama mnene kiasi, kitenge safi, mkononi bakuli la plastiki lililofungwa kwa kitambaa. Nyuma yake Josias, ameshavaa fulana ya njano, akasimama mlangoni.

"Papa Ameir, jambo," mama akasema. "Nimekuletea sombe na bugali. Ni ya kukushukuru. Ulitoka kwako, ukakuja kuangalia mutoto yangu. Hata kama hawakumuchukua, ulikuja."

Nikaona aibu. Nimezoea wazazi wanaokuja kunitukana, hao nawaweza. Huyu alikuwa anafungua kitambaa, na harufu ya majani ya muhogo ikajaa kibanda kizima.

"Ahsante sana, Mama Josias," nikasema. "Lakini utaniwia radhi, leo Alhamisi, nimefunga. Nitakila jioni."

Uso wake ukachangamka. "Ah, na wewe unafunga? Basi unajua. Sisi tulifunga juu yako."

"Juu yangu mimi?"

"Ndiyo. Gustave alituambia iko mutu atakuja Samedi kuangalia mutoto. Nikapeleka jambo kwa kanisa. Batu bote ba chumba cha maombi balifunga. Siku tatu: Alhamisi, Ijumaa, Samedi. Bila kula. Maji kidogo tu usiku, na Samedi hata maji hapana, mpaka saa kumi na mbili jioni. Tuliomba Mungu afungue macho yako, umuone mutoto vile iko."

Mechi ilianza saa tisa.

Nikamtazama Josias. "Na yeye alifunga?"

"Sasa mwenye shida asifunge, batu bengine bafunge?" Julienne akacheka kidogo. "Yeye njo alifunga kuliko sisi bote."

Nilikaa kwenye kigoda. Mimi ni mtoto wa Unguja. Nimefunga tangu nikiwa na miaka saba. Nikiwa na kumi na tisa nilicheza fainali ya mtaa mchana wa Ramadhani, nikasukutua na kutema, nikajimwagia maji kichwani, na robo ya nne nikaona vikapu viwili mahali penye kimoja, nikaomba kutoka. Kocha aliniita mvivu mbele ya wazazi wangu. Nilimchukia kocha yule miaka mingi. Na hapa nimekaa ukumbini, siondoi macho kwa kijana anayefanya vilevile nilivyofanya mimi, nikapiga mstari chini ya maneno "hanywi maji". Haikunijia hata kwa mbali. Haukuwa mwezi wetu, na mtoto si wa kwetu, na kusema kweli nilikuwa nikidhani wenzetu wakifunga wanaacha nyama tu.

"Papa Ameir," Julienne akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Niambie wewe mwenye unajua mambo ya mupira. Tulikosea wapi? Tulifunga kidogo?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema, mama, mtoto alikuwa na njaa. Nyuma yake, mlangoni, Josias akatikisa kichwa. Kidogo sana, mara moja tu, akinitazama machoni. Hakuwa anaomba kitu kwa ajili yake.

"Ninyi hamkukosea," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Niliandika vibaya."

"Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba anachoka."

Akageuka polepole kumtazama mwanawe, na nikaona jambo linaanza kumwingia, nikaona mkono wake unalishika lile bakuli kwa nguvu. "Josias. Siku ile ulichoka?"

"Hapana, maman," Josias akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nilicheza vibaya tu. Yule wa kunilinda alikuwa mukali. Ata ningekula ng'ombe mzima."

Mama akamtazama kwa muda. Sijui kama alimwamini. Nadhani aliamua kumwamini. Akaliweka bakuli juu ya meza yangu, katikati ya vioo vya simu, akakifunga kitambaa upya. "Basi Jumatatu tunaanza ingine," akasema. "Siku saba. Mungu hasinziyake." Akaniaga kwa adabu, akaenda kungoja taxi ya Greyville.

Nikapiga simu Johannesburg. Mkuu wa klabu alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake. Nilimwambia karatasi ile si ya kweli, nilimwambia sababu, nikamwomba amwite kijana kwa majaribio, hata wiki moja, hata kwa nauli yangu. Akasema majina yameshafungwa, nafasi ya namba moja imejaa, na sheria naijua.

"Halafu, Ameir," akasema, "miaka kumi na moja hujabadilisha hata neno moja. Leo unaniambia mtoto alikuwa amefunga. Kila mwaka wazazi wanakuja na hadithi. Wewe ndiye uliyenifundisha nisizisikilize."

Nikazipigia klabu nyingine mbili. Moja haikupokea. Ya pili ilicheka, kwa heshima.

Adhuhuri ilipopita nikafunga kibanda, nikavuka barabara kwenye robot, taa za magari, nikaingia maegesho. Jua lilikuwa kali. Josias alikuwa amesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na gari lilipotaka kutoka akatoka kulielekeza, mikono ile mirefu juu, taratibu, bila haraka. Nilimtazama mpaka gari likaondoka. Sikuweza kujizuia.

"Nimewapigia," nikamwambia. "Hawataki."

"Eish," akasema. "Sharp, mzee, asante. Umejaribu."

"Usinishukuru. Nataka kukuuliza jambo moja. Ulijua mimi ni nani, ulijua nimekaa wapi. Mechi ilipokwisha nilipita mbele yako, karibu kama hivi. Mama hakuwapo. Kwa nini hukuniambia kwamba umefunga?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Kijana huyu kila kitu anakifikiri kwanza. Na hilo nalo sikuliandika.

"Gustave alitusomea karatasi yako ya mwaka jana," akasema. "Ile ya rafiki yangu Achille, mwenye alicheza na homa. Alikuja kukuambia iko na homa. Ukaandika: anatoa visingizio. Ukampa tatu."

Nikamkumbuka Achille. Nilikumbuka hata nilivyoridhika nilipokuwa naliandika neno lile.

"Nikaona afadhali nikae kimya," Josias akasema. "Kimya nilipata nne."

Gari jingine likaingia. Akanigusa bega kwa mkono wazi, kama alivyomgusa yule mwenzake aliyekosa kikapu, akaenda kulionesha pa kusimama.