Jivu la Mtu wa Miaka Mia na Themanini

Kila alipokitazama kile kikopo cha jivu juu ya kabati la mama yao, Fawziya alitamani kukitupa. Kilikuwa kikopo kidogo cha bati, kimebandikwa picha ya mzee wa Kihindi mwenye ndevu za kufika kitovuni. Kaka yake, Marhun, alirudi nacho kutoka India alikokwenda kutibiwa mgongo. Mgongo haukupona, lakini hadithi alirudi nayo: huko mlimani yuko sadhu, mtawa wa Kihindu, ana miaka mia na themanini, hali kitu ila maziwa na jivu la moto wake mwenyewe.

"Nani aliyemwona akizaliwa?" Fawziya alimuuliza.

"Watu wote wa kule wanajua, wallahi."

"Waliokuwepo si wamekwisha kufa?"

Haukupita mwezi, nyumba yao ya Al Qabil, huku Omani, ikajaa makatoni ya vikopo, Marhun akawa anaviuza mpaka Sur na Nizwa kama dawa ya umri mrefu. Lakini wateja walitaka ushahidi wa karibu. Sadhu yuko mbali na hakuna anayemjua. Ndipo Marhun alipomkumbuka mama.

Kadi ya kitambulisho ya mama yao, Bi Kuruthum, ilisema ana miaka mia na mbili. Kweli yake ni themanini na mbili. Baada ya mapinduzi alitoka Unguja kwa pasipoti ya dada yake marehemu, jina na umri vyote vikamganda, na nyumbani likawa jambo la kuchekea kwenye kahawa. Marhun akamvisha kanga mpya, akamkalisha mbele ya simu, akamshikisha kikopo. "Mama yangu ana miaka mia na mbili," akawaambia watu, "na muangalieni anavyocheka." Video ikazunguka kila mahali. Uchafu gani huu, kumfanya mama mzazi chambo.

Baya zaidi, bibi wa watu aliamini. Alilikoroga jivu kwenye maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, sindano zake za sukari akaziacha kwenye friji. Fawziya, anayekaa Nizwa, hakujua mpaka Ijumaa moja alipofika akapokewa na harufu mlangoni. Aliifuata hadi kitandani. Alipoinua shuka akaona vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekuwa vyeusi, vinatoka maji, na juu yake vimenyunyiziwa jivu.

Yeye na Marhun wakampeleka hospitali Ibra. Daktari wa upasuaji, Mhindu wa Kerala, alisoma kadi akatikisa kichwa. Kwa umri ule, alisema kwa Kiarabu cha kuungaunga, hawezi kumpa dawa ya usingizi, hataamka. Angekuwa na themanini na kitu angemkata vidole leo leo, kabla sumu haijapanda.

"Ana themanini na mbili," alisema Fawziya. "Umri huo ni wa marehemu mama mkubwa."

"Video nimeiona," daktari alisema. "Kijijini kwetu nako alikuwepo sadhu wa miaka mia mbili. Babu yangu alisoma naye darasa moja." Akamgeukia Marhun. "Wewe ndiye mwanawe uliyesema mbele za watu. Niambie kweli, nami nitaandika."

Marhun alitazama viatu vyake. Pale mlangoni walisimama wateja wake wawili, wamekuja kumjulia hali bibi wa kwenye simu.

"Sema, kaka," alisema Fawziya.

Paji la Marhun lililowa jasho, na Bi Kuruthum akaliona. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini mama gani aliwahi kuwasikiliza?

"Msimsumbue mwanangu," alisema. "Mimi wa miaka mia na mbili, daktari. Hajasema uongo."

Daktari alingoja, macho kwa Marhun. Marhun hakufumbua mdomo. Basi kadi, mgonjwa na mwana wakawa neno moja. Daktari akaufunika mguu kwa shuka, akaandika kwamba hapasuliwi, akafunga faili.

Hapo ndipo Marhun alipopata ulimi. Akainama, akambusu mama yake kichwani.

"Allah akupe umri mrefu, mama," alisema.

Fawziya akatoka nje kutapika.