Mwenye Nafasi ya Damu

Majibu yote mawili yalikuja asubuhi moja, na yote yalikuwa ya ndiyo. Profesa alikaa kitandani na simu mkononi, akashindwa hata kufurahi.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mwanafunzi wa biokemia, mwaka wa mwisho kasoro mmoja, na jina hilo alibandikwa na mdogo wake zamani kwa sababu ya kupenda kubishana. Aliomba nafasi mbili za kufanya utafiti wakati wa likizo ndefu. Ya kwanza ilikuwa kwenye maabara ya udongo, mtaa wa pili kutoka nyumbani kwao. Ya pili ilikuwa kwenye maabara ya damu, mji mwingine kabisa, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huko walichunguza selimundu, ugonjwa unaozikunja chembe za damu zikaziba mishipa, mtu akaumwa mifupa mpaka akatamani kufa. Maabara ya damu walitaka jibu kabla ya Ijumaa jioni.

Mdogo wake alikuwa na ugonjwa huohuo. Watu walimwita Chuma, kwa utani tu, kwa vile kila alipolazwa walidhani hatoki, naye akatoka. Alikuwa kijana mzima sasa, fundi simu, kibanda chake kiko mbele ya nyumba. Lakini maumivu yalipomkamata hakuwa fundi wala kijana. Baba yao aliendesha malori ya masafa marefu. Mama yao alikuwa mwoka mikate, akitoka kabla hakujakucha. Aliyebaki wa kumkanda kwa maji ya moto, kumpa dawa, kutafuta gari na kubishana na wauguzi alikuwa Profesa.

"Mimi ndiye niliyekupendekeza," mhadhiri wake alimwambia siku hiyo, wakiwa wamesimama kwenye ngazi za chuo. "Nafasi kama ile ya damu nimewatafutia wanafunzi wangu miaka na miaka. Usiniangushe."

"Sitakuangusha, mwalimu," alijibu, na huku moyoni anajua hana uhakika.

Jioni alimfuata mama jikoni.

"Mama, niende au nisiende?"

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Nikikwambia nenda, mwenzio akazidiwa, sitajisamehe. Nikikwambia kaa, wewe hutanisamehe. Usiniulize mimi."

"Nimuulize nani sasa?"

"Sijui, mwanangu. Kweli tena, sijui."

Chuma yeye hakuulizwa, alianza mwenyewe. Alimwita dada yake kibandani, akaweka bisibisi chini.

"Wamekuchukua wa damu, sivyo? Uso wako unasema. Nenda."

"Na wewe utakaa na nani?"

"Nitakaa na simu za watu. Dada, mimi nina ndevu."

"Nywele tatu hizo."

Chuma alicheka, dada naye akacheka, na usiku ule Profesa alilala akiwa ameamua kwenda.

Alhamisi maumivu yakaja. Yalianzia magotini, yakapanda mgongoni, na kabla ya adhuhuri Chuma alikuwa ameng'ata shuka, hazungumzi. Mama hakupatikana kwenye simu. Dereva wa teksi aliyekuja aliwasihi wasimchafulie viti. Hospitali walimlaza kwenye korido, kwa kuwa wodi ilijaa, na kila mtu aliyepita na toroli aligonga kitanda, na kila kilipogongwa Chuma alitoa mlio ambao Profesa hakuwahi kuuzoea. Alimfuata muuguzi huku na huko kama anayemdai mpaka sindano ya maumivu ikapatikana.

Ijumaa mdogo wake alikuwa bado anatetemeka. Profesa alitazama mkono ule uliojaa alama za sindano, akajiona yuko mji mwingine, ameinamia darubini, na hapa hakuna mtu. Alichukua simu akawaandikia maabara ya damu kwamba anashukuru lakini hataweza. Akautuma ujumbe upesi, asije akabadili nia.

Jumamosi Chuma alipata nafuu, akaomba maji. Kisha akauliza, "Unasafiri lini?"

"Sisafiri. Nimekataa."

Chuma akageuza uso ukutani.

"Chuma."

"Umenifanya mimi ndiyo sababu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ukikosa maisha, ni mimi. Watu wakiuliza, ni mimi. Nilikwambia nenda. Mimi naumwa, dada, sijafa."

Uji aliomletea hakuugusa.

Profesa alitoka mpaka nyuma ya hospitali, kwenye kamba za kuanikia mashuka, akampigia mkuu wa maabara ya damu.

"Samahani, daktari. Nilikosea. Naomba nafasi yangu."

"Nimeshampa mwenzako aliyekufuatia. Alikubali jana ileile."

"Nitaosha vyombo vya maabara. Nitalala popote. Msinilipe."

"Binti, sikiliza. Sina meza ya ziada, na siwezi kumfukuza mtu. Omba tena mwaka ujao."

"Mwaka ujao nitakuwa nimemaliza chuo. Nafasi hizi ni za wanafunzi."

"Pole sana," yule daktari alisema, na alisema kwa moyo, jambo lililozidisha uchungu.

Mama alimkuta palepale, amechuchumaa kati ya mashuka mabichi. Alikuwa bado na unga kwenye viwiko. Alichuchumaa naye, wakakaa hivyo mpaka mfuaji akaja kuwaondoa.

Likizo ikaanza, Profesa akaenda kwenye udongo. Alikausha, akatwanga, akachekecha, akapima asidi. Msimamizi alimsifu, na sifa zile zilimwingia kama mchanga mdomoni. Mhadhiri akikutana naye alimsalimia vizuri tu, kama anavyosalimiwa mgeni.

Nyumbani Chuma alizungumza naye kupitia kwa mama. "Mama, mwambie mwanao chai yake inapoa," alisema, na mwana mwenyewe ameketi hapohapo.

Na likizo nzima Chuma hakuumwa, hata kidole. Profesa alimshukuru Mungu kila asubuhi. Baadhi ya siku, akishamaliza kushukuru, alijifungia bafuni, akafungua bomba lote na kulia.

Karibu na mwisho Chuma alimkuta uani akisugua udongo kwenye kucha.

"Huo udongo mnautafutia nini hasa?"

"Tunapima asidi. Ikizidi, mimea haikui."

"Yaani mashamba yana kiungulia."

"Hivyohivyo."

Chuma alikaa kwenye ngazi, mbali kidogo naye. "Bado sijakusamehe."

"Najua," alisema Profesa. "Hata mimi bado sijajisamehe."

Chuma akamsogezea ndoo ya maji safi, akaingia ndani.