Laini Nne za Mzee Ubeid

Mzee Ubeid alikuwa amebakiwa na siku ishirini na mbili. Hospitali moja ya India ilikuwa imemwekea bintiye Wafa kitanda cha upasuaji wa jicho, na jicho lile, daktari alikwisha kusema, halitangoja mwezi wa pili. Nusu ya gharama alikuwa nayo. Nusu iliyosalia hakuona pa kuipata ila kwa kadi ya mkopo, kwenye dirisha la benki lisilotoza riba.

Josepha, afisa wa dirisha hilo, alimwamkia kwa adabu, kisha akamrudishia fomu. Alimweleza kwamba anayekataliwa haruhusiwi kuomba tena mpaka ipite miezi sita. Basi na atazame kwanza ripoti yake ya mikopo, apime kama atakubaliwa, ndipo asaini.

Ubeid hakuona haja. Miaka thelathini na minne ameuza vitambaa Kariakoo, hajapata kukopa hata kwa jirani. Tarsis, Mchaga wa duka la pili, alimtania walipokutana barazani.

"Sheikh, wewe kwa benki ni kama malaika. Huna dhambi, lakini nani amewahi kukuona?"

Hata hivyo aliiomba, na ripoti ilitoka Jumatatu. Ubeid aliisoma dukani akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Kwa kitambulisho chake cha taifa zilikuwa zimesajiliwa laini nne za simu, naye hutumia moja tu. Mojawapo ya zile tatu ilikuwa imekopeshwa shilingi laki tatu na elfu sabini, na deni limepita muda wake kwa siku mia moja na kumi.

Ndipo akakumbuka. Hakuibiwa, kitambulisho alikitoa mwenyewe. Mwaka ule laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipokuwa zikifungwa, wapagazi wake watatu hawakuwa na vitambulisho. Alifuatana nao hadi kwenye mwavuli wa wakala, akaweka kidole gumba mara tatu, na moyoni akaihesabu kuwa sadaka. Namba zao hakuziweka. Wawili walikwisha kurudi kwao Kilwa.

Akaipiga namba ile yenye deni. Alihofu kwamba itapokewa na mtu asiyemjua, na kwamba huyo ndiye aliyelishika jicho la mwanawe. Simu ikaita, na mlio wake ukasikika nyuma ya marobota ya vitenge, ndani ya duka lake mwenyewe.

Khalfani, mpagazi aliyebaki, alijitokeza na simu mkononi, akidhani ni mteja anamwita kubeba mzigo. Ubeid akamsomea karatasi, polepole, mstari kwa mstari.

"Mke wangu alijifungua kwa kisu, baba," alisema Khalfani. "Nilijua deni liko kwenye namba yangu. Wallahi sikujua liko juu ya kidole chako."

"Ungenijia mimi."

"Kwa uso gani? Nilikwisha kula mshahara wa miezi miwili mbele."

Ubeid hakumkaripia, hofu haikumwachia nafasi ya hasira. Siku hiyohiyo alilipa deni kwa fedha za Wafa, akaenda kuzifunga laini zote tatu. Khalfani, ambaye sasa alikuwa na kitambulisho, akasajili yake.

Josepha alimwambia kumbukumbu huchukua hadi wiki mbili kubadilika. Ubeid akamuuliza kama atakubaliwa.

"Nikiipeleka fomu leo, watakukataa. Deni likifutika, nina matumaini. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya, mzee wangu."

Zikaanza siku za kungoja. Aliswali istikhara, akamwambia habari ya deni mkewe Saadiya peke yake. Asubuhi moja Wafa, akitiwa dawa ya jicho, aliuliza tiketi zinakatwa lini. Ubeid akajibu inshallah, akatoka bila kunywa chai. Siku ya kumi na tano kati ya zile ishirini na mbili, deni lilikuwa bado limeandikwa. Siku ya kumi na saba Josepha aliitazama kompyuta kwa muda mrefu, naye Ubeid akawa anasoma Yasini kimoyomoyo, akipotea aya na kurudia mwanzo.

"Limefutika," alisema Josepha.

Ubeid alisaini kwa haraka hata saini haikufanana na ya kitambulisho. Josepha akampa fomu nyingine.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu, alasiri: amekubaliwa. Ubeid aliusoma ujumbe mara nne. Akampigia Saadiya, naye Saadiya akaita, "Ubeid? Kuna nini? Nambie," Ubeid akajibu, "Mwambie Wafa tiketi zinakatwa leo."