Taa ya Chumba cha Mafagio

Kwa heshima zote anazostahili mtumishi wa serikali, ni lazima isemwe mapema kwamba Bwana Burl Stancil, mkaguzi wa kliniki, hakuwahi kuondoka mahali popote bila kosa mkononi. Fomu yake ilikuwa na mstari wa makosa, na mkubwa wake huko makao makuu ya jimbo hakuamini mstari mtupu. Mstari mtupu ulimaanisha mkaguzi amelala kazini, au amelishwa pai.

Bi Vernell Tate, msimamizi wa kliniki ya wanawake ya Cotter's Bend, alilijua hilo kama alivyoijua njia ya kwenda kanisani. Ndiyo maana kila mwaka alimwandalia mgeni wake kosa moja dogo, safi, la kurekebishika papo hapo, na mgeni akishalipata hakutafuta jingine. Mwaka juzi lilikuwa pipa la taka lisilo na kifuniko. Mwaka jana, bango la kunawa mikono lililotundikwa kichwa chini. Mwaka huu ilikuwa taa ya chumba cha mafagio. Sheria ilitaka iwake. Bi Vernell aliiwekea balbu iliyoungua, kwa mkono wake mwenyewe, kwa upendo.

Na mwaka huu kosa hilo lilihitajika kuliko wakati wowote. Bunge la jimbo lilikuwa limeamua kwamba kliniki yoyote inayotoa mimba iwe na korido yenye nafasi wazi ya futi nane, ili vitanda viwili vya magurudumu vipishane. Kliniki ilikuwa na kitanda kimoja cha namna hiyo, nacho kilibeba maboksi ya karatasi. Daktari wa meno wa jengo la pili, ambaye huwalaza watu usingizi wa pono, hakuulizwa hata inchi moja.

Jumapili, baada ya ibada, Bi Vernell alikuwa amepima mwenyewe. Ukuta kwa ukuta, futi nane kamili. Lakini vishikio vya ukutani, ambavyo jimbo hilohilo lilimlazimisha avifunge mwaka jana, vilikula inchi tatu kila upande. Mafundi wa mjini walikataa kazi, wakiogopa waimbaji wenye mabango ya kupinga utoaji mimba waliosimama nje ya geti. Fundi wa jimbo la jirani alikubali kuja kuvizamisha vishikio ukutani, lakini Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi, na kliniki inayokutwa na kosa lisilorekebishika siku hiyo hufungwa siku hiyo.

Pale mapokezi alikaa Raynelle Pruitt, mhudumu wa mgahawa na mama wa watoto wawili, aliyeendesha gari mwendo wa saa nne kutoka upande wa mpaka wa Alabama. Hii ilikuwa safari ya pili. Jumanne aliitwa kusomewa karatasi ya jimbo, kisha sheria ikamrudisha nyumbani akafikiri, kana kwamba alikuja bila kufikiri. Miadi yake ilikuwa saa nane mchana. Wiki ijayo mimba ingevuka majuma yanayoruhusiwa.

"Bi Vernell, yule baba mwenye fomu anatafuta nini?"

"Riziki yake, mwanangu. Umekula?"

"Nimekatazwa kula."

"Vizuri. Nilikuwa nakupima."

Raynelle hakucheka. "Nimeomba ruhusa ya leo tu. Wakifunga, sina siku nyingine."

"Saa nane utaitwa jina lako. Mimi sijawahi kukosa miadi, hata ya mtu nisiyempenda."

Bwana Stancil alifungua friji ya dawa. Tarehe zote nzuri. Alinusa sabuni. Alihesabu glovu. Uso wake ulizidi kurefuka kama wa mtu aliyealikwa harusini akakuta chakula kimekwisha. Bi Vernell alimfuata nyuma, mikono kifuani, akisubiri chumba cha mafagio.

Mkaguzi alifungua mlango. Akabonyeza swichi.

Taa ikawaka. Tena iliwaka vizuri ajabu. Mafagio yalionekana hadi njiti ya mwisho.

"Safi," alisema Bwana Stancil kwa huzuni. "Basi imebaki korido. Ukanda wangu wa kupimia uko kwenye gari."

Alipotoka, Bi Vernell alimgeukia Mister Otis Gaddy, mlinzi wa kliniki, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasindikiza wanawake kutoka kwenye magari yao na kuwapitisha mbele ya waimbaji. Kabla ya hapo alikuwa fundi umeme miaka arobaini.

"Otis. Nani kagusa ile taa?"

"Mimi!" Alivimba kifua. "Nimeikuta imekufa asubuhi. Nikasema, hapana, siyo leo, mgeni anakuja."

"Kwenye mkutano wa jana nilisema isiguswe."

"Jana nilikuwa nang'olewa jino."

"Wangekung'oa na mikono."

Bi Vernell hakupoteza muda kumlaumu. Fundi umeme kupita taa iliyokufa ni sawa na mchungaji kupita sadaka. Aliingia chumbani, akapanda ndoo, akaizungusha balbu nusu duara. Giza. Akashuka, akatengeneza blauzi, akaenda mezani kwake kuchukua barua fulani.

Bwana Stancil alirudi na ukanda wa kupimia, ameshaanza kuuvuta.

"Bwana Stancil, kabla hujainama na mgongo wako huo," alisema Bi Vernell, "ile taa ya mafagio hebu iangalie tena."

"Nimeiangalia. Inawaka."

"Jaribu."

Akajaribu. Giza.

"Haiwezekani!" alilipuka Mister Otis. "Hiyo balbu mpya! Mimi mwenyewe nime... aaa!"

Kiatu cha Bi Vernell kilikuwa juu ya kidole chake gumba.

"Nimekuwa na wasiwasi nayo," alimalizia Mister Otis kwa sauti nyembamba.

Mkaguzi aliitazama balbu. Akaitazama ndoo iliyogeuzwa chini yake. Akamtazama Bi Vernell.

"Na hii?" aliuliza, akionyesha barua.

"Ni agizo la vishikio. Sahihi ni yako. Ukipima korido, twende wote makao makuu tukaeleze ni nani aliyeipunguza. Utaanza wewe, au nianze mimi? Jumatatu vinazamishwa ukutani, na Jumanne nakukaribisha upime mpaka uchoke."

Nje, waimbaji walifika ubeti wa tatu. Bwana Stancil alisikiliza kidogo, kisha akaachia ukanda, nao ukajirudisha kwenye kijumba chake kwa mlio mkali. Akaandika kwenye mstari: *Taa, chumba cha mafagio.* Mister Otis akaingia akichechemea, akaikaza balbu, na mkaguzi akaandika chini yake: *Imerekebishwa.* Akapiga sahihi.

Mlangoni alisimama.

"Pipa. Bango. Sasa taa," alisema polepole. "Mwakani, Bi Vernell, kisiwe kitu cha kupanda ndoo. Utaanguka."

"Jumanne, bwana. Njoo na njaa. Kutakuwa na pai."

"Siruhusiwi pai."

"Ndiyo maana nakuambia uje na njaa."

Saa nane kasoro dakika mbili muuguzi alifungua mlango wa ndani na kuita, "Raynelle Pruitt!" Raynelle alisimama upesi, akaacha koti kwenye kiti, akarudi kulichukua. Bi Vernell akamshika mkono. Wakaingia kwenye korido, muuguzi upande mmoja, Bi Vernell upande wa pili, Raynelle katikati, watatu bega kwa bega, na hakuna aliyegusa kishikio.